Daktari wa Meno na Pengo Letu

Kajiado tulimwita Daktari wa Meno, basi. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe, lakini sikumbuki mgonjwa hata mmoja aliyejisumbua kulisoma. Nilikuwa muuguzi katika chumba chake tangu mwanzo wa miaka ya tisini, na alipostaafu kazi ya serikali akafungua kliniki Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, nilimfuata. Kwa hiyo nikisema namjua, najua ninachosema. Mume wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba mimi nilizeekea mdomoni mwa watu pamoja na mwanamume mwingine, na mimi huwa simkanushi.

Alikuwa Mkamba mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu na viatu vilivyong'aa hata kiangazi, wakati sisi wengine tulikuwa tumepakwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitucheka sisi Wamaasai waziwazi, nasi tukamcheka yeye, na hakuna aliyeumia. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hatukulicheka pamoja kwa miaka mingi, nalo ni lile pengo letu la meno mawili ya mbele, ya chini. Yeye alilipiga vita. Mimi nilikuwa nalo mdomoni, na nilimpa vyombo vya kazi huku nimefumba midomo. Nitafika huko, maana ndugu yangu wa kuzaliwa alikaribia kufa katikati ya ugomvi huo.

Kwanza niseme alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ninapojivunia zaidi. Hakung'oa jino kabla ya kujua. Ukisikia hivyo utadhani ni jambo dogo, lakini wakati ule mtu alitoka Mashuuru juu ya lori la ng'ombe, shavu limefungwa kitambaa, na hakuja kuulizwa maswali. Alikuja kung'olewa arudi na lori hilohilo.

"Daktari, ni hii. Toa."

"Hiyo ni kidole yako inasema. Mimi nataka jino liseme lenyewe. Kaa."

Halafu alianza kugonga meno kwa mpini wa kile kioo chake kidogo, moja baada ya jingine, na daima alianza upande usiouma. Mgonjwa alikasirika. Yeye aliendelea kugonga. Aliuliza: ukinywa maji baridi uchungu unakuja ukaenda, au unakuja ukakaa? Usiku linakuamsha? Ukiuma mkate unaruka? Uchungu unaokuja na kuondoka mara moja, alinifundisha, ni wa jino ambalo bado linaweza kuzibwa. Unaokaa na kupiga kama ngoma ni wa jino ambalo kiini chake kinakufa. Na lile ambalo huwezi hata kuligusa kwa ulimi, huko chini usaha umeshaanza. Alinieleza haya yote kwa sauti, mgonjwa akisikia, kwa sababu aliamini mwenye mdomo ana haki ya kujua kinachotendeka mdomoni mwake.

Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mkubwa sokoni, aliyekuja akidai atolewe gego la juu. Daktari wa Meno aligonga, akamwagia maji baridi, akabonyeza ufizi, hakuna kitu. Akamwambia, "Mzee, inama kama unafunga viatu." Mzee akainama, akapiga yowe. "Umekuwa na mafua?" Alikuwa nayo. "Basi si jino. Ni uvimbe wa mafua, hapa juu ya shavu, unasukuma mizizi. Nitakupa dawa." Mzee alitoka akitukana, akapanda gari hadi Ngong, akang'olewa magego mawili mazima na mtu mwingine, na wiki iliyofuata akarudi kwetu mnyonge, shavu bado linauma. Daktari alimpa dawa zilezile. Alingoja mzee afunge mlango, ndipo akaegemea sinki na kucheka mpaka miwani ikaanguka ndani.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa na haraka na watu wazima na hakuwa na adabu kwa waliochelewa. Alihubiri kuhusu sukari shuleni na makanisani, kisha akirudi ofisini alijaza chai yake sukari mpaka kijiko kilisita. Nikimwangalia alisema, "Sista, angalia kazi yako." Wanawake waliopeleka watoto wachanga kwa wale wa kuchimba ufizi kwa kisu, ati mtoto anaharisha kwa sababu ya meno ya uongo yaliyojificha ndani ya ufizi, aliwafokea mpaka wakalia. Kisha alimchukua mtoto mwenyewe, akamsafisha kile kidonda taratibu kabisa, akimwimbia kwa Kikamba. Mtoto akilala mikononi mwake alimrudishia mama na kumwomba msamaha kwa kelele, na kesho yake akamfokea mwingine.

Lakini kwa vijana wenye meno ya kahawia alikuwa mtu tofauti kabisa. Mnajua maji yetu ya visima, yenye madini mengi ya floridi. Watoto wanaokulia huku, meno ya ukubwani yanatoka na madoa, mengine kahawia kabisa, na Kitengela ilipoanza kujaa watu kutoka kila pembe, vijana wetu walichekwa. Walisugua meno kwa jivu, kwa mchanga, mmoja kwa karatasi ya msasa. Nakumbuka msichana mmoja wa kiwanda cha nguo aliyeongea akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Doki, hizi meno zinaniangusha. Kwa interview wanadhani mimi ni mchafu."

"Toa mkono. Ulikulia wapi?"

"Hapa tu. Maji ya borehole."

"Basi ni maji. Si wewe. Unasikia? Ulikuwa mtoto, ukapewa maji, ukakunywa. Kosa iko wapi?"

Alimwonyesha kwa kioo kwamba chini ya madoa meno yalikuwa magumu, hayana tundu hata moja. Akapaka dawa ya kujaza ile nyeupe kwenye manne ya mbele, akachukua muda mrefu kuitafuta rangi isiyopiga kelele. Yule msichana alipojiona alilia, na mimi nikalia, na Daktari akatuuliza kama kuna msiba ambao hakuambiwa. Mimi mwenyewe meno yangu ni ya kahawia. Tangu siku hiyo nilianza kucheka bila kufumba, pengo na rangi vyote nje.

Sasa pengo. Kwetu, meno ya kudumu ya mtoto yakishatoka, yale mawili ya katikati chini yalitolewa. Mama yangu alitolewa, mimi nilitolewa, na tuliona ni uzuri. Lakini ukimuuliza mzee yeyote atakupa sababu nyingine pia: mtu akipatwa na pepopunda, mdomo ukifunga kabisa, hapo ndipo utamnyweshea maziwa. Daktari wa Meno hakutaka kusikia. Alisimama mbele ya wanafunzi na kusema, "Mungu amekupa meno, wewe unayatupa kwa kuku! Kwa ajili ya ugonjwa ambao una chanjo!" Watoto walicheka, mimi nikaangalia ukuta. Tuliporudi nilimwambia, "Daktari, ukimsema mama yangu mbele ya watoto, ujue unamsema mama yangu." Shule iliyofuata alisema yaleyale, ila kwa sauti ya chini.

Kisha Lemayian akaumwa. Lemayian ni ndugu yangu mdogo, wakati ule kijana mwenye nguvu, anachunga ng'ombe wa baba upande wa Mashuuru. Mguu wake ulikuwa na kidonda cha mwiba. Siku moja aliamka na taya gumu, kesho yake mdomo ukafunga. Watu wa nyumbani walitazama mguu, wakatazama mdomo, wakasema ni pepopunda. Na hapo wakafanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Hawakuogopa. Pengo lilikuwepo. Mama alikaa naye mchana na usiku akimtilia maziwa hapo mbele, kidogo kidogo, naye akameza, na kila alipomeza wakaona anapona. Walimleta hospitali shingo ilipovimba na kumeza kukawa shida.

Nilimkuta wodini. Alikaa akiwa ameinama mbele, mate yanamtoka, anapumua kwa kelele. Kidonda cha mguu kilikuwa wazi, mdomo umefungwa, na hata mimi nilisema moyoni ni pepopunda na ndugu yangu anakufa. Wauguzi walikuwa wanatafuta chumba cha giza cha kumlaza, maana mgonjwa wa pepopunda hushtushwa na mwanga na kelele. Nilikimbia kumwita Daktari wa Meno, na hata leo siwezi kusema kwa nini, maana pepopunda si kazi ya meno. Nafikiri nilitaka tu mtu ninayemwamini awe karibu.

Alikuja na koti lake, akasimama nyuma ya Lemayian. Kisha akaachilia trei ya chuma sakafuni. Wodi nzima iliruka. Lemayian aligeuza macho tu, akamtazama kama mtu anayetaka kumpiga.

"Mtu wa pepopunda angeshtuka akajikunja mwili wote," Daktari alisema. Akamlaza kidogo, akambonyeza tumbo. "Laini. Mgongo laini. Na huu uvimbe uko upande mmoja, una moto. Sista, tochi."

Alimulika kupitia pengo. Alikaa hapo akichungulia, pua karibu na mdomo wa ndugu yangu, akinusa. Kisha akaniambia nichungulie pia. Niliona ulimi umesukumwa juu na nyuma, na harufu ya usaha ilinipiga usoni. "Gego la mwisho, chini kushoto," alisema. "Limeoza, nusu limetoka, nusu liko ndani. Usaha umeshuka chini ya ulimi na sasa unaenda shingoni. Ulimi ukirudi nyuma zaidi, hatapumua. Tunafungua leo, sasa hivi."

Walimpigia simu daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi, dripu ikawekwa na dawa kali za kuua vijidudu. Hawakuweza kupitisha kitu mdomoni kwa njia ya kawaida. Daktari wa Meno alipitisha mrija mwembamba wa kunyonya katika pengo, akavuta mate na usaha mpaka Lemayian akapumua kwa utulivu kidogo, na akanikabidhi mrija huo. Wao wakapasua kutoka nje, chini ya taya. Kilichotoka sitakieleza. Wakaacha ndani kipande cha glavu ili usaha uendelee kutoka. Nilishika mrija wangu pale penye pengo la mama yangu, la bibi yangu, nikiomba kwa Kimaasai na kwa Kiingereza, na kila Daktari wa Meno aliponiambia "vuta," nilivuta.

Kulipopambazuka alikuwa anapumua vizuri. Baba na mama walikuwa nje kwenye benchi. Daktari wa Meno alitoka kwao, na mimi nikatoka kutafsiri. Nilidhani atamfokea mama kama alivyowafokea wengine, na nilikuwa tayari kumjibu. Alichuchumaa mbele yake.

"Mwaitu," alisema, yaani mama kwa Kikamba, hivyo ndivyo alivyowaita akina mama wote, "hili pengo limemchelewesha. Mngemleta mapema kama asingeweza kumeza. Na hili pengo limemweka hai. Bila maziwa yako angefika amekauka, na bila hiyo nafasi mimi singeona ulimi wake. Yote mawili ni kweli. Mimi nilikuwa nasema moja tu."

Nilitafsiri. Mama alimwekea mkono kichwani kama anavyoamkiwa mtoto kwetu. Mkamba mzima, daktari wa wilaya, akiwa amechuchumaa.

Uvimbe ulipotulia Daktari alimfundisha Lemayian kufungua taya kwa vijiti vya mbao kati ya meno, akiongeza kimoja kila alipoweza, na mdomo ulipofunguka ndipo akaling'oa lile gego. Shuleni hakuacha kusema watoto waachiwe meno yao. Lakini tangu hapo alisema pia kisa cha mtu aliyepona kwa pengo, na watoto hawakucheka tena. Nilimuuliza kama hajioni anajichanganya. Akaniambia, "Sista, mgonjwa hakuja kunisikia niko sawa. Amekuja apone."

Yeye ndiye aliyenisukuma nikasome afya ya meno. Nilimwambia nina watoto, nimezeeka, darasani watanicheka. Alisema wakicheka niwaonyeshe pengo. Niliporudi Kitengela na cheti, aliniachia kiti cha pili, na kadiri miaka ilivyoenda wagonjwa walianza kuuliza kama mama, ndiyo mimi, yupo. Hakuona wivu hata kidogo. Mikono yake ilipoanza kutetemeka aliweka koleo chini mwenyewe, siku ya kawaida tu, akasema, "Malizia," akaenda nyumbani.

Mara ya mwisho kuwa naye kazini, kama inaweza kuitwa kazini, ilikuwa uani kwake, nyuma ya stendi ya Kitengela. Nilikuwa nimempelekea mboga. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anaota jua, kofia ya sufu kichwani. Tukaona watu wanaingia getini. Lemayian, sasa mtu mzima mwenye tumbo na kovu chini ya taya. Mama yetu, amejikunja lakini anatembea. Na katikati yao Naserian, binti wa Lemayian, wa darasa la pili. Msichana alituinamia kichwa kutuamkia, kila mmoja akamgusa.

"Daktari," Lemayian alisema, "sisi si watu wa zamani. Sitaki kisu ya nyumbani. Wewe uko na ganzi, uko na mikono safi. Meno yake mbili ya chini zimemea. Zitoe. Mimi niko hai juu ya hiyo nafasi, na wewe ulisema hivyo mbele ya mama."

Nilimwona Daktari wa Meno akitafuta njia, maana alikuwa amefungwa na maneno yake mwenyewe, na ya kweli. Akamwita Naserian, akamwambia afungue mdomo. Mimi pia niliinama kuangalia. Yale meno mawili yalikuwa mapya kabisa, mapana kwa mdomo ule mdogo, na makali ya juu bado yana vijino vidogovidogo kama msumeno. Madoa machache tu. Lemayian amejenga tangi la maji ya mvua.

"Alidungwa chanjo zote?"

"Zote."

"Basi mimi sioni kazi hapa."

"Na mdomo ukifunga? Kama yangu?"

"Mlete siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama anameza."

"Kwa nani? Wewe umestaafu. Mikono inatetemeka, samahani nikisema."

"Sema tu, inatetemeka. Lakini dada yako yuko."

Mama alinigeukia. Macho yake yameingia ukungu lakini bado yanatoboa.

"Wewe uko na pengo," aliniambia kwa Kimaasai. "Nilikuwa nimeshika kichwa chako siku hiyo. Ni mbaya?"

"Si mbaya, yeyo, mama yangu. Ni yangu na ninaipenda." "Lakini yake ziachwe. Nimeshika midomo ya watu miaka hii yote. Najua kuona. Nitaona."

"Hata Mashuuru? Hata barabara ikikatwa na mvua?"

"Hata hivyo. Nitakuja kwa miguu."

Mama akamwuliza Daktari, na Lemayian akatafsiri kwa aibu kidogo: "Mama anauliza, huyu anajua kazi kweli, ama unamsifu tu juu ni mtu wako?"

Daktari wa Meno alivua kofia. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yake na ya mama yakagusana, akaangalia jua liko upande gani, akafungua mdomo wote na kuvuta shavu kwa kidole. Nyuma, chini kulia, palikosekana gego. Nililing'oa mimi mwaka uliotangulia, mlango umefungwa, maana hakutaka mtu ajue, na sikutarajia kamwe kwamba angeonyesha pengo hilo hadharani.

"Aliitoa huyu," alisema akiwa bado ameshika shavu, maneno yakitoka nusu. "Ilikuwa na mizizi mbaya, imepinda. Sikuchagua mwingine. Angalia, mwaitu. Angalia vizuri."

Mama aliinama na kuchungulia mdomoni mwa mtu aliyepinga desturi yake ya meno nusu ya maisha. Alichungulia kwa muda mrefu, akaingiza hata kidole, akapapasa ufizi.

"Pamepona vizuri," alisema.

Akajifuta kidole kwenye shuka yake, akamshika Naserian mkono, wakaondoka naye na meno yake yote.